Nani Anaweza Kuiuza? Hotuba Kuhusu Redio na Kumbi za Muziki Nchini Marekani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa redio na wa jukwaani,

Usiku wa kuamkia Januari 18, 2002, treni ya mizigo iliacha reli karibu na mji wa Minot, North Dakota. Mabehewa yaliyobeba amonia yakapasuka, na wingu la sumu likatanda juu ya nyumba za watu waliolala. Mtu mmoja alifariki, mamia wakadhurika. Polisi walisema walipiga simu redioni ili wananchi waonywe wasitoke nje, na simu haikupokelewa. Vituo vyote sita vya biashara vya mji ule vilikuwa mali ya kampuni moja, Clear Channel ya San Antonio, Texas. Kampuni nayo ikajibu kwamba hitilafu ilikuwa kwenye mitambo ya tahadhari upande wa polisi. Ubishi huo siuamui hapa. Mimi nautazama mpangilio wenyewe: vituo sita, mwenye mali mmoja.

Hali hiyo ililetwa na sheria, na sheria ina tarehe. Kabla ya mwaka 1996 kampuni moja iliruhusiwa kumiliki vituo 40 nchi nzima, 20 vya AM na 20 vya FM. Februari 8, 1996, Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Mawasiliano, na ukomo wa kitaifa ukafutwa. Ukabaki ukomo wa soko kwa soko. Soko lenye vituo 45 au zaidi, kampuni moja ishike hadi 8, ila visizidi 5 vya FM wala 5 vya AM. Lenye 30 hadi 44, ishike 7. Lenye 15 hadi 29, ishike 6. Lenye 14 kushuka chini, ishike 5, mradi visivuke nusu ya vituo vyote. Mtauliza, basi Minot walifikaje sita? Wakati ule Tume ya Mawasiliano, FCC, ilipima "soko" kwa kuangalia mawimbi ya vituo yanapogusana, hivyo mji mdogo uliweza kuhesabiwa pamoja na vituo vya mbali ambavyo wakazi wake hawavisikilizi kamwe. Njia hiyo ya kuhesabu ilibadilishwa mwaka 2003, vituo vikiwa vimeshanunuliwa.

Clear Channel ilikuwa na takriban vituo 40 sheria ilipopita. Mwaka 1999 ikainunua kampuni ya redio ya Jacor, mwaka 2000 ikainunua nyingine, AMFM, na hesabu ikafika takriban 1,200. Hapa naomba tusikimbilie kulaumu ladha ya wakubwa wa kampuni. Tutazame mkopo. Kituo kilichonunuliwa kwa fedha za kukopa hulipa riba kwanza, mtangazaji baadaye. Gharama kubwa ya kituo ni watu, kwa hiyo watu ndio wanaopunguzwa, na teknolojia ya kuwapunguza ilikuwa tayari mezani. Mtangazaji anaingia studio, kompyuta inamchezea mkia wa wimbo mmoja na kichwa cha unaofuata, naye anajaza sekunde 15 hapo katikati kisha anarukia pengo jingine. Zamu ya saa nne inarekodiwa chini ya saa moja. Faili zinatumwa kwenye miji mingine, pengine kwa kubadilishiwa jina la mji na la uwanja wa mpira. Msikilizaji anadhani jamaa yuko mtaani kwake. Jamaa hajui kama huko kunanyesha.

Kwa wanamuziki athari yake ni nyepesi kuieleza: mlango wa kubisha haupo. Orodha ya nyimbo inapangwa mbali, na meneja wa vipindi wa mji anasimamia vituo vitatu au vinne kwa mpigo. Pengo hilo likajazwa na pesa. Sheria ya Marekani tangu mwaka 1960 inakataza kituo kupokea malipo ya kupiga wimbo bila kumtangazia msikilizaji kwamba umelipiwa. Mwaka 2005 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aliibana Sony BMG ikakubali kulipa dola milioni 10. Mwaka 2007 kampuni nne za redio, Clear Channel, CBS Radio, Entercom na Citadel, zilimalizana na FCC kwa dola milioni 12.5, na zikaahidi kupiga muziki wa lebo huru katika vipande 8,400 vya nusu saa. Ukigawanya vipande hivyo kwa vituo vyote vya kampuni hizo, kila kituo kinabaki na saa chache tu.

Na deni? Mwaka 2008 Bain Capital na Thomas H. Lee Partners waliinunua Clear Channel kwa mkopo mkubwa. Mwaka 2014 jina likawa iHeartMedia, na Machi 2018 ikaomba kinga ya mufilisi ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Cumulus, kampuni nyingine ya redio, ilikuwa imetangulia Novemba 2017. Audacy, nayo ya redio, ikafuata Januari 2024. Vituo vya iHeart vilikuwa bado vinaingiza faida kabla ya riba. Riba ndiyo iliyovimeza.

Upande wa jukwaani mambo yalienda sambamba. Mapromota wa Marekani walikuwa kila mmoja na eneo lake, mpaka Robert Sillerman na kampuni yake ya SFX walipoanza kuwanunua mmojammoja mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2000 SFX yote iliuzwa kwa Clear Channel, takriban dola bilioni 4.4 ukijumlisha madeni. Sasa mwenye redio ndiye mwenye jukwaa. Mapromota wa Denver, Nobody in Particular Presents, walifungua kesi mwaka 2001 wakidai wasanii wanashinikizwa: ukifanya onyesho na promota mwingine, wimbo wako haupigwi. Kesi iliishia kwa makubaliano mwaka 2004. Mwishoni mwa 2005 idara ya matamasha ikatengwa ikawa Live Nation, na Januari 2010 Live Nation ikaungana na Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, kwa masharti ya Idara ya Sheria.

Mei 23, 2024, Idara hiyohiyo, pamoja na majimbo 29 na Washington DC, ilifungua kesi ikitaka Ticketmaster itenganishwe. Hati yake ya madai inasema Live Nation inasimamia takriban asilimia 60 ya uandaaji wa matamasha katika kumbi kubwa, inamiliki au kudhibiti kumbi zaidi ya 265 Amerika Kaskazini, na Ticketmaster inashika takriban asilimia 80 au zaidi ya tiketi za mkono wa kwanza katika kumbi kubwa za matamasha.

Mtambo huo unaendaje? Kampuni ya tiketi inaupa ukumbi fedha za awali. Ukumbi unasaini kwamba kwa miaka kadhaa hautauza tiketi kwa njia nyingine. Fedha zile zinarudi kupitia ada za huduma anazolipa mnunuzi, na sehemu ya ada hizo huenda kwa ukumbi wenyewe. Ndiyo maana baadhi ya wenye kumbi huinung'unikia Ticketmaster huku wakila naye sahani moja. Kanuni ya Tume ya Biashara, FTC, iliyoanza Mei 12, 2025, inataka bei kamili ionyeshwe tangu mwanzo. Kanuni hiyo inaionyesha ada, haiipunguzi.

Sasa njia mbadala. Nawasihi mtumie swali moja kupima kila mnachoambiwa ni "huru": nani anaweza kuiuza? Ujanja wa vipindi, ari ya vijana, uzuri wa muziki, havitoshi kama mwenye hati ni mtu mwingine. Chuo Kikuu cha Rice, Houston, kilikuwa na redio ya wanafunzi, KTRU, ya wati 50,000. Chuo kiliiuza kwa dola milioni 9.5, na FCC ikaidhinisha mwaka 2011. Mwaka huohuo, San Francisco, wasikilizaji wa KUSF, redio ya Chuo Kikuu cha San Francisco, walikuta Januari 18 kituo kimezimwa. Chuo kilikuwa kimekubali dola milioni 3.75. Vanderbilt nayo ikaiuza WRVU. Wanafunzi wote hao walidhani redio ni yao.

Linganisha na WFMU. Leseni yake ilikuwa ya Chuo cha Upsala huko New Jersey. Watu wa redio waliona chuo kinayumba, wakaunda shirika lao lisilo la faida, wakaichukua leseni kabla chuo hakijafungwa mwaka 1995. Chuo hakipo tena. Redio ipo, inaishi kwa michango ya wasikilizaji. Waliwahi karatasi.

KTRU ilirudi hewani mwaka 2015 kwa mlango mdogo, nao ndio nitakaoukalia zaidi: redio ya FM ya nguvu ndogo, LPFM. FCC iliianzisha Januari 2000. Vituo vikubwa vya biashara, na redio ya umma NPR pamoja nao, vikalalamika kuhusu mwingiliano wa mawimbi, na Desemba mwaka huo Bunge likaongeza masharti ya umbali yaliyoifungia miji mingi. Utafiti ulioagizwa na Bunge lenyewe, uliofanywa na shirika la utafiti la MITRE na kutolewa 2003, haukuona mwingiliano wa maana. Hata hivyo ilichukua mpaka Januari 4, 2011, Rais Obama kusaini sheria iliyoondoa kizuizi hicho.

Ninachoipendea LPFM ni kifungu kimoja cha kanuni. Leseni yake haina bei. Inaweza kuhamishwa kwa shirika jingine linalostahili, lakini malipo yasizidi thamani ya vifaa baada ya kutoa uchakavu wake. Shirika moja, kituo kimoja, isipokuwa wachache, kama makabila ya wenyeji yanayoruhusiwa viwili. Mnunuzi wa kukusanya vituo hana cha kununua hapo.

Masharti. Mwombaji ni shirika lisilo la faida lililosajiliwa. Makao yake yawe ndani ya kilomita 16 kutoka antena katika masoko 50 makubwa, au kilomita 32 kwingineko. La sivyo asilimia 75 ya wajumbe wa bodi waishi ndani ya umbali huo. Mashirika ya wahamiaji yaangalie sana hapa: wasio raia wasizidi moja ya tano ya bodi. Maombi mazuri yamewahi kufa kwa sababu ya mjumbe mmoja wa ziada.

Maombi hayapokelewi kila siku. Dirisha lilifunguliwa 2000 hadi 2001, kisha 2013, ambapo yalikuja maombi zaidi ya 2,800, kisha Desemba 2023. Kwa hiyo kazi inafanywa dirisha likiwa limefungwa. Wanaogombea masafa mamoja hupimwa kwa pointi: shirika lenye miaka miwili au zaidi mahali pale, ahadi ya saa 8 kwa siku za vipindi vinavyotengenezwa hapohapo, studio yenye mtu saa 20 kwa wiki. Usiahidi saa 8 kama huna watu. Ahadi hiyo inakufuata. Shirika lililosajiliwa wiki moja kabla ya dirisha limekwishapoteza pointi ya miaka miwili, na pointi hiyo inaweza kuamua. Mkipata kibali mna miaka mitatu ya kujenga.

Mtambo. Nguvu ya juu ni wati 100 zinazotoka kwenye antena, antena ikiwa mita 30 juu ya wastani wa ardhi inayoizunguka. Ukiipandisha zaidi, FCC inakupunguzia wati, ili eneo libaki duara la takriban kilomita 5.6 kila upande. Wengi hununua transmita ya wati 100 wakidhani wamemaliza. Hesabu haiendi hivyo. Antena ya elementi moja inayorusha mawimbi kwa mzunguko inagawa nguvu kati ya wima na mlalo, kwa hiyo faida yake, yaani kizidishio cha nguvu inayoingia, ni takriban 0.46. Kebo nzuri ya nusu inchi hupoteza karibu desibeli 2.2 kwa mita 100 kwenye masafa ya FM. Kwa mita 50 inakula asilimia 22. Ili antena itoe wati 100, transmita itoe takriban 280. Ukibana pesa ukaweka kebo nyembamba inayopoteza desibeli 4 kwa mita 100, utahitaji 345, na transmita ya wati 300 haitafika. Antena ya elementi mbili ina faida ya karibu 1, na kwa kebo ile nzuri unatosheka na wati 130. Elementi ya pili hugharimu mara moja tu. Umeme wa transmita hulipwa kila mwezi.

Kinachoharibika zaidi ni viungio vya kebo. Maji yakiingia, nguvu inarudi kwenye transmita badala ya kupanda mnarani, na dalili yake ni kituo kinachodhoofika siku za mvua kisha kupona jua likitoka. Funga kiungio kwanza kwa utepe wa mpira unaojishika, juu yake utepe wa plastiki, ukizungushia kutoka chini kwenda juu ili kila mzunguko uulalie ule wa chini yake, kama makuti yanavyolazwa juu ya paa. Kabla kebo haijaingia ndani ya jengo, ipindwe ishuke chini ya tundu ndipo ipande, maji yadondokee nje. Ngao ya kebo iunganishwe na ardhi juu ya mnara, chini yake, na pale inapoingia ndani, na nyaya zote za ardhi ziungane. Zikiachwa mbalimbali, radi itapita kwenye mikseri zenu za sauti.

Sauti nayo iwe na kizuizi cha kilele. FM inaruhusu mchepuko wa kilohezi 75 kila upande. Ukizidisha ili usikike kwa nguvu kuliko jirani, utakwaruza na kumwagikia masafa ya wengine, na kwa kuwa LPFM iko daraja la pili kisheria, jirani akilalamika unayezima ni wewe.

Uendeshaji: angalau saa 36 kwa wiki hewani, na kipokezi cha tahadhari za dharura kinachofanya kazi, chenye daftari la majaribio ya kila wiki. Mkizima, FCC ijulishwe ndani ya siku 10, na kibali cha kukaa kimya kiombwe ndani ya siku 30. Kituo kikikaa kimya miezi 12 mfululizo, leseni inakufa yenyewe, na ni nadra maelezo matamu kuifufua.

Matangazo ya biashara hayaruhusiwi. Mfadhili anaweza kutajwa jina, mahali alipo na anachouza. Bei isitajwe, asisifiwe kuwa bora kuliko mwenzake, msikilizaji asiambiwe njoo au nunua. "Kipindi hiki kimefadhiliwa na duka la baiskeli lililoko barabara fulani" ni sawa. Ongeza "bei poa wiki hii" na mmevunja kanuni. Mkirusha pia kwenye intaneti, kuna malipo mengine: redio ya hewani Marekani hulipa watunzi tu, lakini mtandaoni waimbaji na wapigaji nao hulipwa, kupitia SoundExchange, shirika linalokusanya malipo hayo. Weka rekodi ya kila wimbo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuikusanya baadaye ni adhabu.

Kuhusu kumbi nitakuwa mfupi. Swali ni lilelile. Ukumbi wa 924 Gilman huko Berkeley umedumu tangu mwisho wa 1986 kwa wanachama na wafanyakazi wa kujitolea, bila pombe, umri wote. Wengine huwa na mkataba wa pango unaoisha pamoja na ndoto yao. Kabla ya kununua spika, soma lini pango linaisha, na kama mwenye nyumba akiuza mkataba unamfunga mnunuzi. Mkataba wa tiketi uwe mfupi, useme orodha ya wanunuzi ni ya ukumbi, na fedha zifike siku ngapi baada ya onyesho. Kampuni inayokaa na fedha zenu wiki tatu inafanya biashara kwa mtaji wenu.

Hesabu ya usiku iandikwe kabla bendi haijafika. Tuseme tiketi ni dola 15, gharama za usiku 900, na bendi imeahidiwa dola 1,000 au asilimia 85 ya kinachobaki baada ya gharama, chochote kilicho kikubwa. Tiketi 126 mna hasara. Ya 127 mnasawazisha. Kuanzia ya 139 ndipo asilimia inapoipita ahadi. Tiketi 200 ni dola 3,000, zinabaki 2,100, bendi inachukua 1,785 na nyumba 315. Ugomvi huzuka pale gharama mpya inapoingizwa kwenye karatasi saa sita za usiku. Leseni za mashirika yanayokusanya malipo ya watunzi, ASCAP, BMI na SESAC, ni wajibu wa ukumbi, bendi isikatwe.

Na milango. Februari 20, 2003, huko West Warwick, Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha povu la kuzuia sauti, na watu 100 wakafa, wengi wamebanana kwenye mlango walioingilia. Desemba 2, 2016, huko Oakland, watu 36 walikufa katika ghala lililogeuzwa makazi na ukumbi. Ghala lile lilikuwa huru kabisa. Kwa hiyo povu lisilo na cheti cha moto halibandikwi ukutani, mlango wa nyuma haufungwi kufuli ili watu wasiingie bure, na mtu mmoja mwenye kihesabio anakaa mlangoni, na idadi iliyoandikwa kwenye cheti cha zimamoto ikifika anafunga mauzo hata kama foleni imezunguka jengo.

Wenye michoro ya minara na mikataba ya pango waje nayo hapa mbele, tuipitie karatasi kwa karatasi. Wengine, karibuni maswali.